Korido ni ya Nani?

Kwa sisi tuliofika huku tukiwa wanafunzi, nyumba ya kwanza ya kupanga huwa haisahauliki. Yangu ilikuwa Maryland, hatua chache kutoka mpaka wa Washington, katika yale majengo ya matofali mekundu ya ghorofa tatu yaliyojengwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nje ni tofali, ndani sakafu ni mbao. Mwaka ulikuwa 2001. Tulikaa ghorofa ya juu kabisa, mimi, mke wangu na mtoto wa miaka miwili ambaye ndiyo kwanza alikuwa amegundua kwamba miguu ni ya kukimbilia. Chini yetu alikaa mwanamume mmoja peke yake.

Alianza kwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Niliona ana haki, nikanunua zulia. Kisha akawa anapanda juu na kupiga mlango wetu kwa ngumi. Halafu usiku mmoja, natoka kazini, nikamkuta ameketi kwenye ngazi, bomba la chuma limelala juu ya mapaja yake. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba anajua saa ninayoondoka na saa ninayorudi, na kwamba anajua mke wangu hushinda nyumbani peke yake. Kisha akasogeza miguu ili nipite.

Nilipiga simu 911. Wakaja askari wawili, vijana wenye adabu. Mmoja akaniuliza kama jirani amenipiga. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kutafsiri kutoka Kiswahili: "Bado." Waliteremka, wakabisha kwake, hakufungua, wakaondoka. Nilisimama dirishani nikisikiliza gari lao likitokomea.

Tangu usiku ule nimekuwa na swali ambalo limenifanya nisome hukumu za mahakama kama ambavyo wengine husoma riwaya. Pale ngazini, mahali ambapo si kwangu na si kwake, nani hasa ana wajibu wa kunilinda? Nimejifunza kwamba swali hili lina historia ndefu katika mji huu, na kwamba walioiandika si wabunge wala maprofesa bali wapangaji, wengi wao wanawake, waliokwenda mahakamani baada ya kuumizwa. Ninaiandika hapa kwa sababu mara kwa mara napigiwa simu na Mswahili mwenzetu, leo kutoka Langley Park, kesho kutoka Alexandria, mwenye jirani wa namna ile, na karibu wote wanadhani mambo mawili ambayo si kweli: kwamba polisi watawajibika, na kwamba mwenye nyumba hahusiki.

Nyumbani swali hili halikuwa gumu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ilijengwa kwa jibu ndani yake: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, na uani jiko, choo na bafu. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe alikaa chumba cha mbele. Mpangaji aliyerudi amelewa na kumtishia mwenzake kwa panga alilazimika kupita mbele ya mlango wa mwenye nyumba. Asubuhi lilikuwa linasemwa barazani, na likishindikana, anaitwa balozi wa nyumba kumi, ule mfumo wa mashina ambao TANU iliueneza nchini katika miaka ya 1960. Sisemi kwamba ulikuwa mfumo wa malaika. Balozi aliyesuluhisha ugomvi wa bomba la maji ndiye huyo huyo aliyejua nani kalala na mgeni asiyeandikishwa, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 watu wengi hawakutaka tena kiongozi wa chama kimoja awe mwamuzi wa ugomvi wao wa uani. Lakini korido ilikuwa na mwenyewe. Hata Kenya, ilipotangaza mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ilikuwa inatafuta kitu hicho hicho: mtu aliye karibu anayejua. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Marekani, mpangaji alirithi sheria ya Waingereza ya zama za mashamba. Kupanga kulihesabiwa kama kununua ardhi kwa muda. Ukishakabidhiwa shamba lako, majambazi wakija ni juu yako. Sheria hiyo ilikuwa na mantiki kwa mkulima mwenye ukuta na mbwa. Haikuwa na mantiki yoyote kwa mtu aliyekodi vyumba viwili ndani ya jengo la mamia ya wapangaji, ambaye njia yake ya kufika kitandani inapita kwenye milango, lifti na korido asizoweza hata kubadilisha balbu yake.

Jengo lililobadilisha mambo bado lipo, namba 1500 Massachusetts Avenue, katikati ya barabara za 15 na 16, kaskazini magharibi mwa mji. Nimekwenda kulitazama. Mwezi Oktoba 1959 alihamia humo mpangaji aliyeitwa Sarah Kline. Lilikuwa jengo lenye apatimenti 585 hivi, na ulinzi wake ulikuwa umepangwa vizuri. Kwenye mlango mkuu alikaa bawabu saa 24. Mapokezi kulikuwa na mfanyakazi wakati wote, mahali ambapo angemwona kila anayepanda lifti. Mlango wa barabara ya 15, uliopakana na gereji ya magari, ulikuwa na wahudumu wawili waliopangiwa zamu ili mmoja wao awe anaangalia daima. Mlango wa barabara ya 16 haukuwa na mtu, lakini ulifungwa saa tatu usiku.

Sisi wahandisi tuna desturi moja. Kitu kikianguka, tunauliza lini mara ya mwisho kilikuwa kizima, na ni nini kilichoondolewa tangu hapo. Kwa jengo hili jibu liko wazi kama michoro ya kazi. Kufikia katikati ya mwaka 1966 bawabu hayupo. Mapokezi mara nyingi ni kiti kitupu. Wahudumu wa gereji wamepunguzwa, mlango wa barabara ya 15 hauna macho. Mlango wa barabara ya 16 mara nyingi unaachwa wazi usiku kucha. Vizuizi vinne, vyote vimelegezwa, na hakuna hata kimoja kilicholegezwa na mpangaji. Wakati huo huo wapangaji walikuwa wanaibiwa na kupigwa ndani ya korido, na uongozi wa jengo ulijua. Mpangaji mwingine mwanamke alishambuliwa kwenye korido hiyo hiyo miezi miwili kabla ya Kline.

Usiku wa tarehe 17 Novemba 1966, kama saa nne na robo, Kline alivamiwa, akapigwa na kuporwa hatua chache kutoka mlangoni pake.

Mahakama ya kwanza ilisema mwenye nyumba hana wajibu. Tarehe 6 Agosti 1970, Mahakama ya Rufaa ya Marekani kwa Mzunguko wa D.C. ikapindua. Hukumu aliiandika Jaji Malcolm Wilkey, na hoja yake, nikiisema kwa maneno yangu, ni hii: mwenye nyumba si kampuni ya bima ya usalama wa mpangaji, wala si polisi. Lakini yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka juu ya korido, milango na lifti. Mpangaji mmoja mmoja hawezi kuajiri bawabu. Kwa hiyo pale ambapo mwenye nyumba anajua kwamba wapangaji wake wanashambuliwa katika sehemu za pamoja, na ana sababu ya kutegemea kwamba watashambuliwa tena, ni lazima achukue hatua zinazofaa. Kwa Kline kipimo kilikuwa kiwango kile kile cha ulinzi alichokikuta alipohamia mwaka 1959. Jaji hakuficha kwamba ulinzi unagharimu na kwamba gharama inaweza kuingia kwenye kodi. Jaji MacKinnon alipinga, kwake ushahidi ulikuwa hautoshi. Kesi ikarudishwa chini kukadiria fidia tu.

Mwaka huo huo, miezi mitatu kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imetoa hukumu ya Javins, iliyowahusu wapangaji wa majengo ya Clifton Terrace waliogoma kulipa kodi kwa sababu ya ubovu wa nyumba. Jaji J. Skelly Wright alisema mkataba wa pango ni mkataba kama mwingine wowote: unalipa, unapewa nyumba inayokalika. Ile sheria ya shamba la Mwingereza ilizikwa mjini Washington mwaka 1970. Wanasheria wanaifundisha hadi leo. Sisi tunaopanga ndio hatuijui.

Lakini angalia, msomaji, eneo letu hili lina serikali tatu, na Mto Potomac ni mpaka wa sheria pia. Virginia ilikataa kufuata njia ya Kline. Mwaka 1974, katika kesi iliyotoka Reston, mahakama ya juu ya Virginia ilishikilia kwamba kwa kawaida mwenye nyumba hawajibiki kwa uhalifu wa mtu wa nje. Maryland ilikaa katikati. Mwaka 1976, katika kesi ya Scott dhidi ya Watson, iliyohusu mpangaji aliyeuawa kwenye gereji ya jengo la apatimenti mjini Baltimore, mahakama yake ya juu ilisema hakuna wajibu wa pekee wa kumlinda mpangaji dhidi ya wahalifu kwa jumla, ila mwenye nyumba akishajua kwamba uhalifu unatokea katika sehemu zilizo chini ya mamlaka yake, lazima achukue hatua za maana. Kwa hiyo ndugu wawili wanaoishi umbali wa nusu saa kwa gari, mmoja Silver Spring na mwingine Arlington, wenye majirani wabaya wanaofanana kama mapacha, hawasimami mahali pamoja mbele ya sheria. Binafsi naona ajabu kwamba tunaulizana bei ya kodi, shule na umbali wa metro kabla ya kuhama, lakini hili hatuulizani.

Katika kesi hizo za Washington na Maryland kuna neno moja linalobeba uzito wote, nalo ni "kujua". Nitalirudia baadaye.

Sasa polisi. Alfajiri ya tarehe 16 Machi 1975, wanaume wawili walivunja mlango wa nyuma wa nyumba moja ya kupanga vyumba, Lamont Street, kaskazini magharibi mwa Washington. Wanawake wawili wa ghorofa ya tatu walisikia mayowe ya mwenzao wa ghorofa ya pili, wakapiga simu polisi. Waliambiwa watulie, msaada unakuja. Mtoa taarifa aliipitisha simu ile kwa daraja la chini kuliko dharura ya uvamizi ilivyostahili. Magari yalifika. Askari mmoja alipita uchochoro wa nyuma bila kusimama kukagua mlango. Mwingine alibisha mlango wa mbele, hakuitikiwa, akaondoka. Ndani ya dakika tano wote walikuwa wamekwenda. Wanawake wale walipiga tena. Wakaahidiwa tena, lakini safari hii hakuna gari lililotumwa. Wakiamini polisi wamo ndani tayari, walimwita mwenzao kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyowaonyesha wavamizi kwamba kuna watu wengine juu. Walishikiliwa saa 14. Yaliyotendeka sitayaandika.

Waliishtaki serikali ya mji. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia, majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua katika kesi hiyo, inayoitwa Warren, kwamba wajibu wa polisi ni kwa umma kwa jumla, si kwa mtu mmoja mmoja, isipokuwa pawepo uhusiano wa pekee. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwenda njia inayofanana katika kesi ya mama wa Castle Rock, Colorado, ambaye tayari alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe: polisi walichelewa kuitekeleza, watoto wake watatu waliuawa, na mahakama ikasema Katiba haikumpa haki ya kudai utekelezaji huo.

Nilipoisoma Warren mara ya kwanza niliifunga nikaenda kutembea. Mlango uliobishwa, usiofunguliwa, gari likiondoka. Sisemi msipige 911. Pigeni, na pigeni haraka, na mseme wazi kwamba kuna silaha na kuna mtu anatishiwa sasa hivi, kwa sababu maneno ya mpigaji ndiyo yanayopanga daraja la simu. Ombeni namba ya ripoti. Lakini msikae mkidhani kwamba kwa kupiga simu mmekabidhi jukumu kwa mtu mwingine. Kisheria halijakabidhiwa.

Kuna msomaji atakayesema: hizo zote ni kesi za majambazi kutoka nje, na wewe unazungumzia jirani. Ni kweli, na nilipoisoma Kline nilijiuliza hilo hilo. Mabawabu kumi hawawezi kumzuia mtu mwenye ufunguo. Lakini kwa upande mwingine jirani mpangaji ana kitu ambacho jambazi hana: ana mkataba, na mkataba wake ameusaini kwa mwenye nyumba yule yule uliyemsainia wewe. Mwenye nyumba hana la kumwambia jambazi. Jirani ana la kumwambia. Washington, mwenye nyumba anaweza kumpa notisi ya siku 30 mpangaji anayevunja mkataba ili ajirekebishe au aondoke, na anaweza kudai nyumba kwa mpangaji ambaye mahakama imeona ametenda kosa la jinai humo. Maryland notisi ya kawaida ya kuvunja mkataba ni siku 30, lakini hushuka hadi 14 ikiwa mpangaji ni hatari ya wazi na ya karibu kwa wenzake. Virginia, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, inamruhusu mwenye nyumba kuvunja mkataba mara moja kwa kitendo cha jinai au cha makusudi kinachohatarisha afya au usalama. Kote inabidi apitie mahakamani. Wewe mpangaji huwezi kumfukuza jirani yako. Anayeweza ni yule anayepokea kodi zenu wote wawili.

Na ikiwa matusi ya jirani yanahusu rangi yako, dini yako au nchi uliyotoka, kuna sheria nyingine. Sheria ya Makazi ya Haki ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, wakati sehemu za mji huu zikiwa bado zinafuka moshi. Inakataza kumtisha mtu ili asifaidi nyumba yake kwa sababu hizo, na katazo hilo linamgusa jirani, si mwenye nyumba tu. Kama mwenye nyumba naye anawajibika akinyamaza, mahakama zimegawanyika. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ilisema anaweza kuwajibika, katika kesi ya bibi mmoja aliyesumbuliwa na wapangaji wenzake kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliyoko New York, kwa kura 7 dhidi ya 5, ilimwachilia mwenye nyumba ambaye mpangaji wake Mweusi alikuwa ametukanwa na kutishiwa na jirani kwa miezi, ingawa polisi walikuwa wamemjulisha.

Kwa nini basi wengi wetu hatumwandikii mwenye nyumba? Ukweli ni kwamba tunaogopa kufukuzwa sisi. Hofu hii nayo ina kesi yake. Mwaka 1965, Yvonne Edwards alipanga nyumba mjini Washington kwa mwezi hadi mwezi. Aliilalamikia kwa idara ya ukaguzi, wakaguzi wakakuta makosa zaidi ya 40, na mwenye nyumba, Nathan Habib, akamletea notisi ya kuhama ya siku 30. Kwa sheria ya wakati huo hakuhitaji kueleza sababu. Mwaka 1968 Jaji Wright aliandika kwamba hata kama mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba bila sababu yoyote, hawezi kuuvunja kwa sababu hiyo, yaani kulipiza kisasi kwa malalamiko. Leo sheria ya Washington inakwenda mbali zaidi: hatua ya mwenye nyumba ikija ndani ya miezi sita baada ya malalamiko ya maandishi, inachukuliwa kuwa kisasi mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Niliona ajabu nilipogundua kwamba Washington imewahi kuwa na mabalozi wa nyumba kumi wake. Kenilworth-Parkside ulikuwa mtaa wa nyumba za serikali, apatimenti 464, kaskazini mashariki mwa mji karibu na Mto Anacostia. Miaka ya 1970 ulikuwa mtaa wa kuogopwa, wauza dawa za kulevya wamekaa kwenye ngazi. Kiongozi wa wapangaji alikuwa Kimi Gray, mama wa watoto watano aliyekuwa akiishi kwa msaada wa serikali. Mwaka 1982 baraza lao la wapangaji lilipewa mkataba wa kuuendesha mtaa wenyewe. Walichagua kiongozi wa kila jengo. Walitunga kanuni zao na faini zao, na moja ya faini ilikuwa kwa kuzurura kwenye korido. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana nilimwona balozi wetu wa Ilala na daftari lake. Mwaka 1988 walikabidhiwa umiliki kwa dola moja. Wapo waliolalamika, kwa haki, kwamba serikali ilimwaga zaidi ya dola milioni 20 za ukarabati pale, pesa ambazo mitaa mingine haikuziona. Bi Gray alifariki mwaka 2000.

Nguvu hiyo ya kumwondoa jirani mbaya ina makali pande mbili, na nisingependa kuificha. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilikubali kwamba wakala wa nyumba za serikali huko Oakland aweze kuwafukuza wazee kwa sababu ya dawa za kulevya za watoto na wajukuu wao, hata kama wazee wenyewe hawakujua lolote.

Narudi kwenye ngazi zetu za mwaka 2001. Kwa wiki tatu nilikuwa namwambia meneja kwa mdomo, kila nikipeleka kodi. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Guyana wa ghorofa ya kwanza, ambaye alikuwa amepanga katika eneo hili tangu kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Aliniuliza: umeandika? Nikasema nimemwambia mara nne. Akasema kumwambia ni upepo. Kumbe hakuwahi kusikia habari za Kline, lakini alilijua lile neno "kujua", na alijua kwamba mtu huyo hajui mpaka karatasi iseme anajua.

Tuliandika mezani kwake. Tarehe, saa, maneno aliyosema jirani kama alivyoyasema bila kuongeza chumvi, urefu wa bomba kwa kukadiria, majina ya walioona, namba ya ripoti ya polisi. Mwishoni tuliandika ombi: kwamba mwenye nyumba achukue hatua chini ya mkataba wa mpangaji huyo, na atujibu kwa maandishi. Tukaituma kwa barua ya rejista yenye risiti ya kusaini, nakala tukabaki nayo. Kisha mama yule akapanda na kushuka ngazi zote, na familia nyingine mbili zikaandika zao. Nilishangaa kwamba watu hao walikuwa wametishiwa kabla yangu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Nilikwenda pia mahakama ya wilaya kuomba kile Maryland inachoita amri ya amani, ambayo ni kwa watu wasio wa familia moja, majirani wakiwemo. Inabidi kitendo kiwe kimetokea ndani ya siku 30 kabla ya kuomba, na mimi nilikuwa nimebakiza siku chache tu kwa kungoja kwangu. Ofisi ikiwa imefungwa, kamishna wa mahakama huwepo usiku. Virginia tangu Julai 2011 mtu yeyote aliyetishiwa anaweza kuomba amri ya ulinzi, hata kama anayemtisha si ndugu wala mwenza. Nilipewa amri ya muda, baadaye ya miezi sita. Jirani alikuja mahakamani amevaa suti. Akamwambia jaji kwamba mtoto wangu hulia usiku, na hilo halikuwa uongo.

Mkataba wake ulivunjwa, lakini kabla ya siku ya kusikilizwa alikuwa amehama mwenyewe. Sikuwahi kujua alikwenda wapi, na kwa muda mrefu nilikuwa nawafikiria watu waliokuwa wakikaa juu yake huko. Sisi tulihama mwaka uliofuata. Mke wangu hakutaka tena kupita zile ngazi.

Nakala ya barua ninayo bado, imebandikwa risiti ya posta. Ina makosa matatu ya Kiingereza, na neno "bomba" nililiandika kwa Kiswahili, nikalikata, nikaandika Kiingereza juu yake. Mtoto aliyekuwa anakimbia sakafuni sasa ni mtu mzima, anapanga Hyattsville. Mwezi uliopita alinipigia kuhusu mtu wa chumba cha mkabala, na nikamuuliza ameandika nini mpaka sasa.